Makucha ya Suhl

Kibatari kinawaka mchana kweupe. Fundi bunduki anapitisha kipande cha chuma juu ya ulimi wa moto hadi kitandwe na masizi, anakichomeka kwenye kikalio chake juu ya mtutu, anakibonyeza, kisha anakichomoa na kukigeuzageuza dirishani. Masizi yalipofutika ndipo chuma kilipogusana na chuma. Anapitisha tupa mara moja tu, anapuliza vumbi, anarudi kwenye moto. Ataendelea hivyo hadi alama zienee sawasawa pande zote.

Hivyo ndivyo mafundi wa Suhl, Ujerumani, na wenzao wa Ferlach, Austria, walivyozoea kufunga darubini kwenye bunduki za uwindaji. Chini ya darubini hukaa vijiguu vyenye makucha. Ya mbele hutangulia kuingia, darubini ikiwa imeinuliwa kwa nyuma. Kisha hushushwa taratibu, ya nyuma yakazama kwenye vitundu vyake, na komeo la springi likajifunga kwa mlio mdogo mkavu. Mwindaji anayeijua bunduki yake huusikiliza mlio huo kama mpishi anavyosikiliza mafuta ya moto.

Subira yote hiyo ina hesabu yake. Ikiwa kikalio cha mbele na cha nyuma vimeachana milimita 150, na kimoja kikahama kwa sehemu ya kumi ya milimita, yaani unene wa karatasi, shabaha itapotoka karibu sentimita 7 kwa umbali wa mita 100. Kwa mita 200 ni sentimita 13. Na darubini hii hufanywa itolewe na kurudishwa miaka nenda miaka rudi, risasi ikipiga palepale.

Kutolewa kwenyewe si anasa. Kioo kikishika ukungu wa mvua, mwindaji hurudi kwenye shabaha za chuma mara moja. Hata katika mapori ya Tanzania, anayefuata nyati aliyejeruhiwa kwenye kichaka kinene huona heri aivue darubini, kwa sababu mnyama huyo hutokea hatua chache tu mbele ya uso.

Kisha ikaja reli. Mwaka 1995 jeshi la Marekani liliidhinisha kipimo kimoja cha reli yenye mifuo, Picatinny, na leo reli hiyo imeenea hadi kwenye bunduki za wawindaji. Ni imara, ni rahisi, na haki yake ipewe. Lakini imezoesha watu haraka. Pete hununuliwa dukani, skrubu hukazwa kwa nguvu za mkono hadi bomba la darubini linabonyea, kisha lawama anatupiwa mtengenezaji wa kioo. Saa nzima ya kusafisha mafuta, kupima na kukaza kidogo kidogo kwa zamu, nani anayo?

Bunduki kongwe za Suhl bado huuzwa minadani, vikalio vikiwa vitupu, darubini zake zilipotea zamani. Mnunuzi hujaribu darubini nyingine ya aina ileile, ya mji uleule, pengine ya karakana ileile. Makucha hayaingii. Yalichongwa kwa ajili ya bunduki nyingine.