Mti Usiokunjamana: Malighafi ya Karagosi katika Filamu ya Pinocchio (2022)

Wahakiki wamezoea kuiweka malighafi ya karagosi upande wa fani, kana kwamba ni shughuli ya fundi tu. Filamu ya Pinocchio, iliyoongozwa na Guillermo del Toro na Mark Gustafson mwaka 2022, inaivunja desturi hiyo, kwani ndani yake malighafi ndiyo inayobeba maudhui.

Hadithi ya Carlo Collodi, iliyotoka kitabuni mwaka 1883, imehamishiwa Italia ya Mussolini. Wahusika binadamu, akiwemo Geppetto, wamevikwa ngozi ya silikoni iliyosubiwa katika kalibu na kutandazwa juu ya mitambo midogo ya kichwa. Silikoni hunyumbuka, hukunjamana, kisha hurudia umbo lake. Mpira wa povu walioutumia mafundi wa zamani hukauka na kupasuka kadiri miaka inavyopita. Pinocchio hakupewa ngozi hiyo. Nyuso zake ni za plastiki ngumu, zilizochapwa kwa mashine, na kila anapobadili hisia uso mmoja hutolewa, ukawekwa mwingine. Sababu ni wazi: mti haukunjamani.

Kutokana na uteuzi huo, mtazamaji huona bila kuambiwa kwamba wenye nyuso laini ndio wanaokunjwa na amri. Karagosi wa kweli ni raia wanaomwinulia mtawala mkono. Upinzani huo si kamili, maana Candlewick, mwana wa Podestà, naye ni mtu wa nyama, na hatimaye anajifunza kukataa. Hata hivyo, anajifunza kutoka kwa rafiki wa mti.

Yuko atakayesema kwamba plastiki iliyopakwa rangi ya msonobari ni udanganyifu. Hoja hiyo haina nguvu. Vigumu kuchonga kwa mkono nyuso nyingi kiasi hicho zikalingana. Tena malighafi ya karagosi hupimwa kwa kile inacholiaminisha jicho, si kwa asili yake.

Dosari iko kwingine. Collodi alimgeuza Pinocchio kuwa mvulana wa nyama. Filamu inamwacha mti hadi mwisho, na Geppetto anampenda vivyo hivyo. Tendo hilo linatosha. Lakini nyenje msimulizi anarudi kufafanua kwa maneno funzo ambalo uso usiokunjamana ulikwisha kulitoa. Hapo watunzi hawakuiamini malighafi yao wenyewe.