Pongezi kwa Watunzaji wa Ngome ya Yesu

Sisi wa milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, tunajua faida ya kukaa juu: humwona mgeni kabla hajafika. Wareno nao walilijua hilo. Mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu juu ya mwamba wa matumbawe, penye mlango wa bandari ya Mombasa, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira kuanzia 1696, wakaitwaa 1698. Waingereza wakaifanya jela mwaka 1895, hadi 1958.

Hata hivyo, pongezi zangu haziendi kwa wajenzi wala wapiganaji, bali kwa watunzaji. Jela ilipofungwa, mwanaakiolojia James Kirkman alifukua ardhi yake, na baadaye ngome ikafunguliwa kuwa makumbusho. Humo mna vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanna, meli iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Mwaka 2011 UNESCO iliiingiza ngome hiyo katika Urithi wa Dunia.

Chumvi ya bahari haichoki kula ukuta, na mafundi nao hawachoki kuukarabati. Hongera zao! Nasi wa Masisi tutunze vyetu vivyo hivyo: tuyaandike masimulizi ya wazee wetu wangali hai.