Kufuata Maji Hadi Yanakotoka

Gari la zamani likivuja maji, tone linaloanguka chini halionyeshi lilikotoka. Maji yakipenya kwenye shingo ya thamostati hutambaa juu ya silinda hedi, yakashuka nyuma ya altaneta, yakafuata ukingo wa bloku, mwisho yakadondoka mbali kabisa na tundu lake. Feni nayo huyarusha huku na huku. Ndiyo maana fundi mzuri wa Kasese au wa Bwera, magharibi mwa Uganda, huianza kazi hii akiwa ameiweka mikono mgongoni. Boneti iko wazi, injini imepoa, spana ziko kwenye sanduku, naye anatazama. Mwenye gari aliyezoea kelele za gereji hudhani hakuna kinachofanyika. Mimi nimejifunza kuona kwamba hapo ndipo kazi kubwa inapofanyika.

Magari ninayoyazungumzia ni Land Rover za kale na Peugeot 504, lile lililoanza kuuzwa mwaka 1968 na likaendelea kuunganishwa Kenya hadi 2004. Kaka yake, 404, alishinda mbio za magari za Safari mara nne katika miaka ya 1960, mara mbili kati ya hizo akiendeshwa na Bert Shankland kutoka Tanzania, mwaka 1966 na 1967. Kwa miaka mingi 504 ndilo lililobeba abiria wa safari ndefu Uganda. Injini yake ina bloku ya chuma na hedi ya aluminiamu. Metali hizo mbili hazitanuki sawa zikipata joto, na kila safari inaivuta gasketi iliyo katikati yao. Miaka ikipita, gari la namna hiyo lazima litavuja mahali fulani.

Nchi yenyewe haina huruma na injini. Kasese iko chini ya milima ya Rwenzori, kwenye uwanda wenye jua kali, karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho maji ya wazi huchemka kwenye digrii 97 hivi, si 100. Kinachoiokoa injini ni kifuniko cha rejeta. Springi yake hubana maji ndani, na hata kifuniko dhaifu cha paundi 7 huyafikisha digrii 109 hivi kabla hayajachemka. Mpira wa maji ukipasuka kidogo tu, mgandamizo unapotea na akiba yote ya digrii kumi na mbili inaondoka nao. Gari linaloteremka kutoka Bwera bila shida linaweza kuchemsha likifika Kikorongo, ambako barabara inakutana na ikweta, hali rejeta ilijazwa asubuhi.

Turudi kwa fundi anayetazama. Anasoma rangi. Maji matupu huacha mchirizi wa kutu. Kulanti huacha ukoko wa kijani au mweupe pale ilipokauka juu ya chuma cha moto. Mchirizi huo anaufuata kwenda juu, kamwe si kwenda chini, hadi pale ambapo juu yake pamekauka. Akifika kwenye wota pampu hupitisha kidole chini ya shafti kutafuta kitundu kidogo. Waliounda pampu walikiweka makusudi: sili ya ndani ikichoka, maji yatokee hapo yaonekane, yasiingie kwenye beringi. Wapo wanaokiziba kwa gundi wakadhani wameponya gari. Wamemfunga mdomo shahidi.

Macho yakishindwa, fundi hupima. Injini ya moto huficha ukweli, kwa kuwa uvujaji mdogo hugeuka mvuke kabla haujaonekana, na nyufa nyingine hujifunga chuma kinapotanuka. Hivyo hupimwa ikiwa baridi. Fundi mmoja wa Bwera niliyemwangalia kwa muda mrefu ametoboa kifuniko chakavu cha rejeta na kulehemu juu yake vali ya tyubu ya baiskeli. Anakifunga, anapiga pampu ya mkono taratibu, anasoma geji ile ile ya kupimia matairi, kisha anaacha. Wala hagusi kitu. Sindano ikishuka anazunguka injini na tochi, akisikiliza na kupapasa chini ya kila mpira. Mgandamizo hauzidishwi kuliko kifuniko cha kawaida kinavyoruhusu, maana rejeta ya umri huo ukiipiga pampu kwa papara utaipasua wewe mwenyewe.

Siku moja nikimtazama, maji yalitoka kwenye shingo ya thamostati. Bolti za chuma zilizokaa miongo kadhaa ndani ya aluminiamu hushikamana kabisa, na ukilazimisha zinakatika. Alizipasha moto kidogo, akazikaza kwa kiasi cha unywele mmoja kabla ya kuzilegeza, akarudia hivyo mpaka zikakubali. Uso wa shingo ulikuwa umeliwa na kutu nyeupe. Aliweka msasa juu ya kipande cha kioo, kwa kuwa kioo kimenyooka, akausugua uso huo kwa mzunguko hadi alama zote zikaisha. Kisha gasketi. Duka halikuwa nayo. Alilaza karatasi ya gasketi juu ya shingo na kuigonga kwa kichwa cha mviringo cha nyundo, pole pole, kwenye kingo tu. Ukingo wa shingo wenyewe ukaikata karatasi, matundu ya bolti yakajitokeza mahali pake, bila rula wala kalamu. Ningeweza kutazama nyundo ile kutwa nzima.

Rejeta yenyewe ikivuja kazi huwa nyingine. Za enzi hizo zina mirija ya shaba ya njano na mapezi ya shaba nyekundu, hivyo zinalehemika, tofauti na hizi za sasa zenye plastiki ambazo hutupwa. Inazibwa midomo, inazamishwa kwenye pipa la maji, inatiwa upepo, na mapovu yanaonyesha mrija ulipotoboka. Nafurahi kuona kazi hii ikidumu Kasese, mji uliokuzwa na shaba. Reli ilifika hapa mwaka 1956 kuibeba shaba ya Kilembe kwenda kuyeyushwa Jinja, na machimbo yakafungwa 1982.

Siwezi kuwasifu wanaomwaga manjano, unga au ute wa yai ndani ya rejeta. Barabarani usiku, mbali na gereji, vitu hivyo vitamfikisha mtu nyumbani. Vikibaki humo vinaziba mirija myembamba ya rejeta na ya hita, na fundi atakayefuata atalipia kwa siku nzima ya kusafisha.

Kule Bwera, wakati wa kufunga mpira, kijana anayejifunza kwa fundi yule alishika bisibisi. "Mzee, nikaze zaidi?"

"Basi hapo. Ukizidisha, klipu itaukata."

Maji waliyojaza yalikuwa ya mvua, yaliyokingwa kwenye bati, yakachanganywa na kulanti, kwa sababu maji ya chumvichumvi ya upande wa Katwe hula aluminiamu. Magurudumu ya mbele yaliinuliwa, hita ikafunguliwa, mipira ikaminywa kwa mkono ili hewa itoke, kwani hewa ikinaswa juu ya hedi sehemu hiyo huungua huku geji ikionyesha salama. Injini ikaachwa ingurume hadi thamostati ilipofunguka na mpira wa juu ukapata joto ghafla. Mwenye gari aliambiwa aende Kasese na kurudi, alilaze gari usiku, alilete asubuhi kabla ya kuliwasha, maana mpira mpya hulegea chini ya klipu baada ya joto la kwanza na huhitaji robo mzunguko mwingine.