Sifa za Fundi wa Umeme wa Magari

Miongoni mwa watu wa kazi wastahilio sifa ambazo aghalabu hawapewi, nawataja mafundi wa umeme wa magari huko Marekani, wale ambao hata leo hulala chali chini ya pikapu za Chevrolet za miaka ya 1973 hadi 1987, zenye matangi mawili ya mafuta yaliyofungwa nje ya fremu, moja kila ubavu, ilhali geji ni moja tu.

Geji hiyo ikisema uongo, mwenye pupa hukimbilia kushusha tangi, jambo la taabu na la hatari. Lakini fundi mwenye hekima huanza kwa kubadili tangi kwa swichi, kwani geji ikikosea upande mmoja pekee, ni dhahiri kwamba yenyewe ni salama, na ila i katika boya la tangi lile, au waya wake, au ethi, au hapo njia zinapobadilishwa. Kisha huuchomoa waya wa boya, umeme ukiwa umewashwa: mshale wapaswa kupita alama ya kujaa, na waya ule ukigusishwa na fremu, mbali na mvuke wa petroli, mshale urudi kwenye utupu. Ukitii, geji haina hatia. Boya nalo hupimwa kwa mita: karibu na omu 0 likiwa chini, omu 90 likiwa juu.

Mara nyingi maradhi yote huwa ni kutu kwenye ethi, dawa yake msasa, na ujira haba. Fundi aridhikaye na ujira huo, ilhali angaliweza kuuza boya jipya, ni mtu mwaminifu, naye alipwe bila kucheleweshwa.