Mpiga Pondo wa Kisale

Mwezi wa saba Kamina huamka imejikunyata. Upepo wa kiangazi unapita juu ya mabati, watoto wanazunguka jiko la makaa kama kuku, na ukimwambia jirani kwamba unakwenda kutembea majini atakutazama usoni kuona kama una homa. Lakini mama yangu alizaliwa Kinkondja, kando ya ziwa Kisale, na watu wa huko wana hesabu yao: mvua imekwisha, radi hakuna, maji yametulia. Kama ni kuwaonyesha wajukuu ziwa, ni sasa.

Tukashuka, vizazi vitatu na vikapu vyetu. Treni hadi Bukama, kisha boti ya injini juu ya Lualaba mpaka mto unapoingia ziwa Kisale. Njia hiyo ina habari zake, ila sizo zilizonishikisha kalamu. Kalamu nimeishika kwa ajili ya mti mmoja mwembamba, mrefu kuliko watu wawili, na mzee aliyekuwa ameushika.

Alikuwa amesimama nyuma ya mtumbwi, miguu mitupu, kabuti kuukuu mabegani kwa ajili ya baridi ya alfajiri. Watoto walimwita Nkambo, yaani babu, toka dakika ya kwanza. Kafi alikuwa nayo, imelala miguuni pake, lakini humo ndani ya mafunjo kafi haina nafasi ya kufunguka. Humo ni upondo. Anauzamisha wima karibu na ubavu wa chombo, anauegemea, mikono inapanda juu yake mmoja baada ya mwingine kama mtu anayekwea mnazi ulio palepale, na mtumbwi unateleza mbele. Sauti hakuna. Hata korongo waliosimama kandokando hawakuruka.

Nilidhani ufundi uko katika kusukuma. Kumbe uko katika kuchomoa. Chini ya Kisale kuna tope zito, na tope likikamata mti halikuachii. Mwanangu mkubwa aliomba kujaribu. Akasukuma kwa nguvu zote za miaka yake kumi na minne, mtumbwi ukaenda, yeye akabaki ameukumbatia upondo, vidole vya miguu vikitafuta mbao zilizokwisha ondoka. Nilimdaka kiunoni. Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Mzee hakucheka. Alimwonyesha: kabla ya kuvuta, unazungusha kidogo kifundo cha mkono, robo ya mzunguko tu, maji yapate kupenya.

“Tope halipendi kunyang'anywa,” alisema.

Na kwa ncha hiyohiyo anasoma. Hapa mchanga, hapa mizizi, hapa shimo. Zamani katika ufalme wa Waluba, watu wa chama cha Mbudye walisoma historia ya wafalme kwa kupitisha vidole juu ya shanga na vinundu vya lukasa, ubao mdogo unaotosha mkononi. Niliwakumbuka nilipomwona mzee akitazama mbali, macho hayana kazi, mkono ndio unaosikiliza.

Asome, kwa sababu hakuna ramani itakayomsaidia. Visiwa vya huku havikai mahali pamoja. Ni tingitingi, mizizi ya mafunjo iliyosukwa na maji ikawa mkeka mnene, na upepo ukiamua, mkeka unakwenda. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron, akiwa katika nchi ya mfalme Kasongo Kalombo, alisimuliwa kwamba watu wa Kisale hukata vipande vya tingitingi, huweka magogo na udongo juu yake, hujenga nyumba, hupanda migomba na kufuga mbuzi. Wakitaka kuhama, hung'oa miti iliyokishika kisiwa na kukivuta. Yeye hakuruhusiwa kufika kujionea. Sisi tuliruhusiwa. Ukikanyaga, ardhi inabonyea na kurudi kama godoro, moshi wa kukaushia samaki umetanda chini, na kuku wanatembea kwa adabu.

Mchonga mitumbwi husifiwa, na anastahili. Tezo yake inaacha kitu cha kushika. Mpiga pondo anaacha nini? Maji yanajifunga nyuma yake. Kule Sanga, ukingoni mwa ziwa hilihili, waakiolojia walipoanza kuchimba makaburi mwaka 1957 walikuta vyungu vizuri ajabu na mapambo ya shaba, mengine ya miaka zaidi ya elfu moja. Waliotandika vitu hivyo waliishi na maji, kwa hiyo mtu fulani alikuwa anawapitisha kila asubuhi. Habari zake hazimo kaburini. Hata katika masimulizi ya Waluba, shujaa wa ufalme wao Kalala Ilunga akimkimbia Nkongolo, mfalme mwekundu, ni mvushaji aliyempitisha mtoni na kumwacha mfalme huyo ng'ambo akihangaika. Ufalme mzima ulipita ndani ya mtumbwi wa mtu huyo. Muulize mtoto yeyote wa Kamina jina lake.

Usiku tulilala kisiwani. Mzee alikita upondo chini ya ziwa, akafunga mtumbwi hapo kwa kamba, akajikunja na kabuti lake. Baridi ilipanda kutoka majini. Tulilala tumebanana kama vidole, mama katikati, akiwataja samaki wa utotoni mwake kwa Kiluba mpaka wajukuu wakasinzia.

Kulipokucha kulikuwa na ukungu, na mlango tuliouingilia jana haukuwapo. Ukuta wa mafunjo ulikuwa umesimama pale, kijani, umetulia, kana kwamba haujawahi kuwa kwingine.

“Nkambo, njia iko wapi?” mwanangu akauliza.

“Inakuja,” alisema mzee. Akapanda nyuma ya mtumbwi, akafungua kamba, akaushika upondo. Kijana akamtazama mkono. Robo ya mzunguko, na tope likaachia.