Kupanua Dhima Bila Kupoteza Maana: Funzo kutoka Dzaleka

Katika kozi zetu ni vigumu kupata neno linalotumika mara nyingi na kuhojiwa mara chache kama neno dhima. Mwanafunzi wa fasihi simulizi huulizwa dhima za methali, wa isimujamii huulizwa dhima za lugha ya taifa, na wa sarufi huulizwa dhima ya kiambishi. Majibu huandikwa kwa orodha, orodha husahihishwa, na somo huendelea. Katika makala haya tunakusudia kuuliza kama neno hilo hubaki lilelile linapotoka katika uwanja mmoja wa utafiti na kuingia mwingine, na ni nani anayeumia linapopotea njiani. Mfano wetu mkuu ni Malawi, nchi ambayo wengi wetu hatuihesabu miongoni mwa nchi za Kiswahili.

Tuanze na wanahisabati, maana wao wana masharti makali. Kile ambacho kwa Kiingereza hubeba jina tunalolitafsiri sisi kuwa dhima, kwao ni uhusiano ambamo kila kinachoingizwa hutoa jibu moja tu. Uhusiano huo unaweza kupanuliwa ili ufanye kazi mahali ambapo haukufika mwanzoni. Lakini kuna sharti: pale ulipokuwa ukifanya kazi zamani, sharti utoe majibu yaleyale ya zamani. Aidha, upanuzi unaweza kufanywa kwa njia nyingi, na anayechagua moja anapaswa kueleza kwa nini hakuchagua nyingine. Sisi wa lugha si wanahisabati, wala hatupendekezi tugeuke kuwa hao. Hata hivyo, masharti haya mawili yanatufaa.

Upo upanuzi uliofanywa vizuri katika taaluma yetu. Mwaka 1934 Karl Bühler, aliyekuwa mwanasaikolojia, alieleza kwamba lugha ina dhima tatu: kueleza jambo, kudhihirisha hali ya msemaji na kumwelekea msikilizaji. Mwaka 1960 Roman Jakobson alizifanya kuwa sita. Hakuzitupa zile tatu. Aliziacha mahali pake, kisha akaongeza dhima ya kudumisha mawasiliano, wazo alilolichukua kwa mwanaanthropolojia Malinowski. Dhima ya kuizungumzia lugha yenyewe, ambayo asili yake ni kwa wanamantiki. Na dhima ya kishairi, ambayo ndiyo aliyotaka kuifikia. Nyanja nne za utafiti zilikutana katika mchoro mmoja, na kila kilichokopwa kilitajwa kilikotoka. Huo ndio upanuzi tunaoweza kuuheshimu.

Mfano wa pili una utata zaidi. Mwaka 1959 Charles Ferguson alieleza diglosia kwa kutumia Kiarabu, Kigiriki, Kijerumani cha Uswisi na Krioli ya Haiti. Alisema kwamba katika jamii hizo aina mbili za lugha moja hugawana kazi, moja ikiwa ya juu na nyingine ya chini. Mwaka 1967 Joshua Fishman aliupanua mgawanyo huo hadi kwa lugha zisizo na undugu. Mwaka 1972 M. H. Abdulaziz Mkilifi aliuleta nyumbani katika makala yake maarufu kuhusu Tanzania. Aliona kwamba ngazi mbili hazitoshi, akapendekeza triglosia: lugha za makabila, Kiswahili na Kiingereza. Kiswahili kilikuwa juu mbele ya lugha ya nyumbani, na chini mbele ya Kiingereza. Hili lilikuwa pendekezo la mtu aliyeitazama jamii fulani katika wakati fulani. Tatizo letu si Mkilifi. Tatizo ni kwamba sisi tuliomfuata tuliligeuza pendekezo lake kuwa jedwali, tukalifundisha kana kwamba ngazi zile zimo ndani ya lugha zenyewe.

Sasa tulipeleke jedwali hilo Malawi. Msafiri anayetoka Lilongwe kuelekea kusini kwa barabara kuu ya M1 hufika Nathenje, kituo cha biashara ambako lugha ya kununua na kuuza ni Chichewa. Mswahili atasikia nyumba, moto na kulima, naye atafurahi, lakini huo ni undugu wa lugha za Kibantu, si dhima ya Kiswahili. Anayeelekea kaskazini hadi wilaya ya Dowa hufika Dzaleka. Mahali hapa palikuwa gereza la kisiasa wakati wa utawala wa Kamuzu Banda, na jina lake kwa Chichewa hufasiriwa kuwa ni kauli ya mtu anayeahidi kwamba ataacha, hatarudia tena. Mwaka 1994 palifanywa kambi ya wakimbizi. Kambi iliyokusudiwa kupokea watu wapatao 10,000 hadi 12,000 ina watu zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda.

Je, Kiswahili kiko ngazi gani hapo? Kwa Mrundi na Mbembe wanaouziana nyanya, ni lugha ya katikati, na jedwali linakubali. Kwa mtoto aliyezaliwa kambini na wazazi wa makabila mawili, ni lugha ya mama, na jedwali linaanza kuyumba. Mbele ya mwalimu anayefundisha kwa Kiingereza, au mbele ya askari anayeuliza kwa Chichewa, kinashuka hadi chini kabisa. Kisha yanakuja majina: tamasha lililoanzishwa kambini mwaka 2014, ambalo Wamalawi huenda kulitazama, linaitwa Tumaini, na redio ya jamii ya hapo inaitwa Yetu. Hapo Kiswahili ndicho kinachowatambulisha wenyeji wa kambi mbele ya wageni wao. Hiyo ni ngazi gani?

Kifaransa kinafundisha zaidi. Kule Bukavu au Bujumbura kilikuwa lugha ya vyeti, ya ofisi na ya mtu aliyesoma. Mtu huyohuyo akiingia Malawi, nchi ya Kiingereza na Chichewa, Kifaransa chake hakishuki ngazi moja. Kinakaribia kukosa ngazi. Maneno ni yaleyale, sarufi ni ileile, na msemaji ni yuleyule. Kilichobadilika ni mahali. Kwa hiyo dhima haimo ndani ya lugha kama kokwa ndani ya embe. Ni uhusiano baina ya lugha, watu na mahali, na anayeihamisha bila kuangalia mahali anahamisha ganda tupu.

Msomaji anaweza kusema kwamba haya ni mabishano ya darasani. Sivyo. Kuna uwanja mmoja ambako dhima iliyohamishwa vibaya humfikia mtu mwilini, nao ni uwanja wa sheria ya ukimbizi. Katika nchi kadhaa, matamshi na msamiati wa mwombaji hifadhi hutumika kukadiria anakotoka. Elimu ya lahaja, iliyoundwa ili kueleza jinsi lugha inavyotofautiana, imepewa kazi mpya ya kusema nani anadanganya. Mwaka 2004 kundi la wanaisimu lilitoa mwongozo likionya kwamba lugha inaweza kuonyesha alikolelewa mtu, lakini haiwezi peke yake kuthibitisha uraia wake. Mwaka 2009 Jan Blommaert, aliyewahi kuandika sana kuhusu Kiswahili, alichapisha uchunguzi wa kesi ya kijana aliyejitambulisha kuwa Mnyarwanda nchini Uingereza. Lugha alizozijua hazikulingana na zile ambazo maofisa waliamini kila Mnyarwanda anazijua. Maisha yake ya kuhamahama ndiyo yaliyozipanga lugha zake, ilhali maofisa walitumia ramani isiyohama.

Tumfikirie basi kijana aliyekulia Dzaleka. Anasema batoto kama wasemavyo baadhi ya watu wa Kivu na Katanga, anachanganya na maneno ya Chichewa ya sokoni, na lafudhi yake ina kitu cha majirani zake Warundi. Lahaja ikiingizwa katika mashine ya mataifa, jibu halitakuwa moja. Sharti la kwanza la wanahisabati limevunjika, na anayevunjikiwa si mwanahisabati.

Jambo hili linatuhusu sisi tunaofundisha. Agosti 2019 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya nne ya SADC, jumuiya ambayo Malawi ni mwanachama wake. Julai 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipohudhuria sherehe za uhuru wa Malawi, suala la kufundisha Kiswahili katika nchi hiyo lilizungumzwa hadharani. Wiki chache kabla ya hapo, Mei 2023, polisi walikuwa wakiwaondoa wakimbizi mijini na katika vituo vya biashara na kuwarudisha Dzaleka. Lugha ilikuwa ikikaribishwa kwa mlango wa mbele huku wasemaji wake wakitolewa kwa mlango wa nyuma. Hatuwezi kulaumu serikali peke yake ikiwa mitaala yetu nayo hukitazama Kiswahili cha wakimbizi kama orodha ya makosa ya kusahihishwa.

Hatusemi Kiswahili sanifu kiachwe, kwani mwanafunzi wa Lilongwe atakihitaji kwa mitihani na vitabu. Wala hatusemi nadharia zifungiwe kila moja katika uwanja wake; bila kukopa, Jakobson asingefika popote. Tunachosema ni kwamba anayepanua dhima atimize masharti matatu: ataje alikoitoa, aonyeshe kilichobaki na kilichobadilika, na aijaribu mahali ambapo ina uwezekano wa kushindwa. Dzaleka ni mahali pa namna hiyo.

Tunapendekeza kwamba katika kozi ya isimujamii jedwali la ngazi tatu liendelee kufundishwa, lakini swali la mtihani lisiwe tena “Taja dhima za Kiswahili.” Liwe: “Kwa nani, wapi, na mbele ya nani?” Orodha haitatosha kulijibu, nasi wasahihishaji itatubidi tusome kila jibu hadi mwisho.