Viazi vya Jeanne Dielman

Waandishi wengi chipukizi wakitaka mhusika wao aonekane mtu wa kweli humpachika tabia: huyu anatafuna kucha, yule havui kofia. Hilo ni pambo tu. Ukiliondoa, hadithi haipungukiwi kitu. Anayetaka kuona mazoea yakimbeba mhusika mzima na aitazame *Jeanne Dielman, 23, quai du Commerce, 1080 Bruxelles*, filamu aliyoitoa Chantal Akerman wa Ubelgiji mwaka 1975, akiwa na miaka 24. Mwaka 2022 wahakiki waliopigishwa kura na jarida la Sight and Sound la Uingereza waliiweka ya kwanza kati ya filamu zote, heshima ambayo kazi ya mwanamke haikuwahi kuipata.

Ni saa 3 na dakika 21 za siku tatu za mjane mmoja wa Brussels na mwanawe Sylvain, kijana wa shule. Jeanne anapika, anatandika, anang'arisha viatu, anazima taa kila atokapo chumbani. Kila alasiri anampokea mwanamume anayemlipa, huku viazi vikichemka jikoni. Pesa anaziweka kwenye bakuli la supu lililo juu ya meza ya kulia, kisha analifunika. Yaliyomo moyoni mwake hayasemi. Hata mwanawe anapomuuliza usiku alivyokutana na marehemu baba yake, anajibu kwa sauti isiyopanda wala kushuka.

Ufundi umo katika mpangilio wa siku hizo. Filamu haianzi asubuhi. Inaanza alasiri ya siku ya kwanza. Kwa hiyo siku hiyo tunafundishwa alasiri na jioni ya Jeanne, na asubuhi yake tunafundishwa siku ya pili. Alasiri ya siku ya pili mambo yanaanza kwenda kombo, na asubuhi ya siku ya tatu nayo inavurugika. Kila kipande cha siku tunakiona kwanza kikiwa sawa, ndipo tunakiona kimeharibika. Bila somo la kwanza, uharibifu usingeonekana kabisa.

Tazama kinachotokea mgeni wa siku ya pili anapoondoka. Jeanne anatoka chumbani nywele zimetimka. Anatia pesa kwenye bakuli na kuliacha wazi. Jikoni viazi vimeiva kupita kiasi. Anaibeba sufuria, anatoka nayo, anafika nayo hadi bafuni, anarudi nayo, hajui aiweke wapi. Mwanamke ambaye mikono yake haijawahi kusita sasa amekwama na sufuria ya viazi! Mtazamaji anashtuka kwa sababu ya kifuniko cha bakuli tu, maana amekwisha kuijua nyumba ile kama anayeishi humo.

Kamera haimsaidii mtazamaji. Imesimama pale pale, haisogei kukionyesha kifuniko, wala hakuna muziki wa kumtahadharisha. Kosa analigundua mwenyewe, na alichokigundua mwenyewe hakitilii shaka. Mwandishi wa riwaya anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kuandika "bakuli lilikuwa wazi" na kuendelea na sentensi inayofuata, bila kuongeza kwamba mama alikuwa amechanganyikiwa.

Akerman hakuyabuni mazoea hayo hewani. Alieleza kwamba aliyaona utotoni kwa mama yake na mashangazi zake. Nadhani ndiyo sababu yana mfuatano na sababu zake: taa inazimwa kwa kubana matumizi, na viazi vinawekwa motoni kwa hesabu kwamba vitakapoiva mgeni atakuwa ameshaondoka. Delphine Seyrig, mwigizaji aliyezoeleka katika nafasi za wanawake wa kifahari, anayafanya yote bila kuomba huruma.

Siku ya tatu Jeanne anajikuta ametangulia saa zake. Anafika madukani kabla hayajafunguliwa. Kahawa haina ladha yake. Anaimwaga, anatengeneza nyingine. Mwishowe anakaa kitini bila kazi, na hapo ndipo ninapomwogopea kuliko mahali pengine popote. Alasiri hiyo anamuua mgeni wake kwa mkasi. Wengi wanajadili mauaji hayo, lakini kiufundi Akerman alikuwa amekwisha kuyaandaa kwa kumwachia mama huyu wakati mtupu, na ndiyo maana hakuhitaji kumpa hata neno moja la kujieleza.